Kisima Kwanza: Mafunzo Niliyopata kwenye Mitambo ya RO ya Pwani

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mvua ya masika ikinyesha huko haifanyi mto. Inazama kwenye nyufa za mwamba na kushuka hadi ikutane na maji ya bahari yaliyojipenyeza chini kwa chini. Maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo yanaelea juu yake. Tabaka hilo linaloelea ndilo linalonywewa vijijini, na ndilo hilohilo linalovutwa na hoteli kwa ajili ya bafu, jiko na bustani. Kanuni ya Ghyben na Herzberg inasema kwamba kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo mita 40 hivi za maji baridi chini ya usawa huo. Igeuze kanuni hiyo uone tishio lake: ukishusha maji ya kisima kwa sentimita kumi tu na kuyaacha hapo, mpaka wa chumvi huko chini utapanda mita nne.

Kazi yangu ni mitambo ya RO, ile inayosukuma maji ya kisima kwa shinikizo kubwa kwenye utando mwembamba. Maji hupita, chumvi hubaki nyuma. Yaliyopita ni maji baridi. Yaliyobaki, yaliyobeba chumvi yote iliyokataliwa, mafundi wanayaita rijekti. Sehemu ya maji ya kisima inayoishia kuwa maji baridi nitaiita hapa mavuno. Mtambo wenye mavuno ya asilimia 50 unatupa nusu ya kila unachovuta. Nimeshika mitambo hii kwenye visima vya pwani, na baadaye kwenye maji ya volkano upande wa Meru, na jambo lililonishughulisha kuliko yote ni namna ya kupandisha mavuno bila kuua mtambo na bila kuua kisima.

1. Hesabu maji yanayotoka kisimani, si yanayoingia tangini

Chukua hoteli inayohitaji mita za ujazo 100 za maji baridi kwa siku. Kwa mavuno ya asilimia 50, kisima kitavutwa mita 200. Kwa asilimia 75 kitavutwa 133. Kwa asilimia 80 kitavutwa 125, kwa 85 kama 118, na kwa 90 kitavutwa 111.

Ziangalie vizuri namba hizo. Kutoka 50 hadi 75 umekiachia kisima mita 67 kila siku. Kutoka 75 hadi 80 umekiachia mita nane tu. Kutoka 80 hadi 85, saba. Faida kubwa iko mwanzoni mwa safari. Kila hatua inayofuata inakupa maji machache zaidi, na kama tutakavyoona, inakugharimu zaidi. Ndiyo maana mteja anaponiambia anataka asilimia 90, neno langu la kwanza huwa swali: kwa nini?

Jibu linabadilisha kazi nzima. Kama shida ni kisima kinachogeuka chumvi, asilimia 75 au 80 zinatosha na nguvu iliyobaki ielekezwe kwenye mabomba yanayovuja na bustani inayomwagiliwa saa sita mchana. Lakini kama shida ni mahali pa kutupa rijekti, hesabu inageuka. Kutoka 75 hadi 85, rijekti inashuka kutoka mita 33 hadi 18, karibu nusu. Mtu wa bara asiye na bahari ya kupokea chumvi yake ana haki ya kupigania asilimia hizo za mwisho. Mtu wa pwani ya Jambiani mara nyingi hana.

Kuna jambo la majira ambalo vitabu vya wazalishaji wa tando haviwezi kulijua. Wageni hujaa Unguja mwezi wa Julai na Agosti, kisha tena Desemba hadi Februari. Vipindi hivyo viwili kwa sehemu kubwa ni vya ukame, masika yameisha au bado hayajafika. Kwa hiyo kisima kinavutwa sana wakati kinapokea kidogo. Mavuno mazuri lazima yawe mazuri mwezi wa Februari. Yakiwa mazuri Mei tu hayajamsaidia mtu.

2. Idadi ya mabomba ipungue kadiri maji yanavyopungua

Elementi moja ya utando, yenye urefu wa mita moja hivi, hutoa kwa usalama asilimia 10 hadi 15 tu ya maji yanayoipitia. Ndiyo maana tunazipanga sita mfululizo ndani ya bomba moja la shinikizo, na bomba hilo linatupa asilimia 50 hivi. Rijekti ya bomba hilo bado ni maji mengi yenye shinikizo kubwa. Kuyapeleka kwenye bomba jingine ndiko tunakokuita hatua ya pili. Nusu ya nusu iliyobaki ni robo: 50 na 25, jumla 75. Ukitaka kufika 85 na zaidi, unaongeza hatua ya tatu.

Hapo ndipo nimeona mitambo mingi ikipangwa vibaya. Tuseme maji yanayoingia ni mita 20 kwa saa. Hatua ya kwanza ina mabomba mawili ya inchi nane, kila moja linapata mita 10. Nusu inavunwa, kwa hiyo mita 10 zinaendelea. Hizo mita 10 zikiingia kwenye bomba moja, mwendo wa maji juu ya utando unabaki uleule, na mwishoni inatoka rijekti ya mita tano. Mavuno ni 15 kwa 20, asilimia 75, na elementi zote 18 zinafanya kazi ndani ya mipaka yake.

Sasa mwingine anafikiri kwamba mabomba zaidi ni maji zaidi, anaweka mawili kwenye hatua ya pili. Mita 10 zinagawanyika tano kwa tano, na kila bomba linatoa rijekti ya mita mbili na nusu. Kwa elementi ya inchi nane, wazalishaji wengi hutaka rijekti isipungue mita tatu na nusu hivi kwa saa. Chini ya hapo maji yanatambaa badala ya kukimbia. Chumvi iliyokataliwa inajikusanya kwenye uso wa utando badala ya kufagiliwa, na pale usoni maji yanakuwa makali kuliko kipimo chochote utakachosoma kwenye bomba. Utando unaziba huku daftari likionyesha kila kitu ni shwari. Mbili kwa moja, nne kwa mbili kwa moja: mpango huo unaochongoka ndio moyo wa mtambo wa hatua nyingi, na ni jambo la kwanza ninalolitazama ninapopewa mchoro.

3. Hatua ya mwisho inahitaji kusukumwa

Maji yenye chumvi yana shinikizo lake la kuvuta maji baridi yarudi. Kwa makadirio ya fundi, kila miligramu 1,000 za chumvi kwa lita zinadai kama robo tatu ya bar moja. Kisima cha miligramu 4,000 kinadai bar tatu. Kwenye mwisho wa mtambo wa asilimia 75, chumvi imekolea mara nne hivi, imefika 16,000, na deni ni bar 12.

Pampu ikisukuma kwa bar 18, elementi ya kwanza inabaki na bar 15 za kufanyia kazi. Ya mwisho, baada ya kupoteza kama bar tatu kwenye msuguano wa njia nzima, inabaki na bar tatu. Elementi za mbele zinabeba mzigo wote, zinavuna kupita kiasi na kuziba kwa uchafu mapema, huku za nyuma zikiwa zimekaa bure. Ukiongeza shinikizo la pampu kuu ili za nyuma zifanye kazi, unaziumiza zaidi za mbele.

Dawa ziko tatu. Pampu ndogo ya kuongeza shinikizo kati ya hatua ya kwanza na ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa inaweka nguvu mahali inapohitajika. Ya pili ni kuweka kwenye hatua ya mwisho tando za aina inayopitisha maji kwa urahisi zaidi. Ya tatu ni kubana kidogo njia ya maji baridi ya hatua ya kwanza ili mzigo uhamie nyuma. Ni rahisi kufunga, lakini unalipia umeme unaotupa. Kwa kisima cha miligramu 1,000 au 2,000 huenda usihitaji lolote kati ya haya. Kwa kisima cha pwani kinachopanda mwaka hadi mwaka, acha nafasi ya pampu hiyo tangu siku ya kuchora.

4. Kikomo cha mavuno kimeandikwa ndani ya maji

Mavuno ya asilimia 50 yanakoleza chumvi mara mbili. Asilimia 75, mara nne. Asilimia 80, mara tano. Asilimia 90, mara kumi. Kwa hiyo kutoka 75 hadi 90 mavuno yameongezeka kwa 15 tu, lakini ukali wa maji yaliyobaki umepanda mara mbili na nusu. Madini yanayoyeyuka kwa shida hayawezi kuvumilia hayo. Yanaganda.

Maji ya mwamba wa matumbawe yamejaa kalsiamu na baikaboneti, kwa sababu mwamba wenyewe ni chokaa. Adui wa kwanza wa pwani ni ukoga wa chokaa, uleule unaoganda ndani ya birika. Tangu 1936 tuna kipimo cha Langelier cha kutabiri kama maji yatagandisha chokaa, na kipimo hicho lazima kihesabiwe kwa rijekti ya mwisho, kamwe si kwa maji ya kisima peke yake. Nimewahi kuonyeshwa ripoti ya maabara iliyosema maji "hayana tabia ya kugandisha". Ilikuwa kweli kwa kisima. Kwa maji yaliyokolea mara tano haikuwa kweli hata kidogo.

Bahari inapoanza kuingia kisimani, adui wa pili anafuata. Maji ya bahari yana salfeti kama miligramu 2,700 kwa lita, na salfeti ikikutana na kalsiamu nyingi inazaa jasi. Jasi ni mbaya kuliko chokaa, kwa kuwa asidi ya kawaida ya kusafishia haiiyeyushi vizuri. Huu hapa ndio mduara unaonitia uchungu ninapouona: mavuno madogo yanalazimisha kisima kivutwe zaidi, kuvuta kunaleta bahari, bahari inaleta salfeti, na salfeti inashusha mavuno unayoweza kuyathubutu. Mtambo ulioanza na mavuno ya chini unazidi kunyimwa nafasi ya kuyapandisha.

Upande wa Meru maji yana kesi nyingine kabisa. Mwamba wa volkano unatoa silika na floraidi. Silika huanza kufika ukomo wake wa kuyeyuka kama kwenye miligramu 120 kwa lita maji yakiwa na nyuzijoto 25. Kisima cha silika 50 kinafika 100 kwenye mavuno ya asilimia 50, na 200 kwenye asilimia 75. Bila dawa maalumu ya silika, kisima hicho kimeshakwambia kikomo chake. Silika ikishaganda kama kioo juu ya utando, mara nyingi kinachobaki ni kununua utando mpya.

Dawa ya kuzuia ukoga inasogeza vikomo hivi, na bila hiyo asilimia 75 kwenye maji ya matumbawe ni ndoto. Lakini lazima iingie kwa kipimo. Kwa mita 20 kwa saa na dozi ya miligramu tatu kwa lita, mtambo unakula gramu 60 kwa saa, yaani kilo 1.2 kwa siku ya saa 20. Mzani wa dukani unatosha kukuambia kama pampu ya dawa inafanya kazi: pima ndoo asubuhi, pima jioni. Taa ya kijani kwenye pampu haisemi chochote kuhusu dawa iliyoingia. Na kuzidisha dozi hakusaidii; dawa iliyozidi nayo huziba utando, hasa ikikutana na chuma au na masalia ya shabu.

5. Koki ya rijekti iwekewe mpaka

Hoteli moja ya pwani ya mashariki ilipata wageni wengi kuliko ilivyotarajia, na mwendeshaji wa mtambo, mzee mwenye heshima zake aliyeutunza mtambo ule kwa uaminifu, akawa anaikaza koki ya rijekti kidogo kidogo. Ukikaza koki hiyo shinikizo linapanda na maji baridi yanaongezeka mbele ya macho yako. Kwa siku kadhaa kila mtu alifurahi. Nilipoitwa, mtambo ulikuwa ukitoa nusu ya maji yake ya kawaida. Elementi ya mwisho ya hatua ya pili ilikuwa nzito kiasi kwamba watu wawili tulihangaika kuichomoa. Tone la asidi juu ya unga mweupe uliotoka mwishoni mwake likachemka mapovu: chokaa.

Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini alikaza. "Mwanangu," akasema, "mgeni akikosa maji bafuni anayeitwa ofisini ni mimi. Koki haiitwi."

Sikuona kosa lake. Alipewa koki isiyo na mpaka na bosi asiyejua maana yake. Tangu hapo kwenye kila mtambo ninaoukabidhi, mita ya rijekti inapakwa mstari mwekundu kwenye kiwango cha chini kabisa, na swichi inauzima mtambo rijekti ikishuka chini ya hapo. Kisha nakaa na meneja kumweleza kwamba haja ya maji zaidi ina majibu mengine: tangi kubwa zaidi, saa zaidi za kuendesha usiku, choo kinachovuja chumba namba fulani. Hilo la mwisho ndilo meneja hulisikiliza kwa shida zaidi, na ndilo lenye maji mengi kuliko wanavyodhani.

6. Usiziamini mita za mtiririko hadi chumvi izithibitishe

Mita za mtiririko hudanganya, hasa ile ya rijekti inayopitisha maji makali miaka na miaka. Kloraidi haidanganyi. Pima kloraidi ya kisima, ya maji baridi na ya rijekti. Toa kloraidi ya kisima kutoka ya rijekti, ugawanye kwa tofauti ya rijekti na maji baridi. Kisima kikiwa na 2,000, maji baridi 40 na rijekti 7,880, unapata 5,880 kwa 7,840: asilimia 75 kamili. Mita zikisema 68 wakati chumvi inasema 75, amini chumvi, kabla ukoga haujakuamulia.

7. Jua tatizo limeanzia upande gani

Uchafu na ute wa vijidudu huanza kwenye elementi ya kwanza ya hatua ya kwanza, kwa kuwa ndiko chakula kinakoingilia. Ukoga huanza kwenye elementi ya mwisho ya hatua ya mwisho, ambako chumvi ni kali kuliko kote. Kanuni hii fupi imeniokolea tando nyingi, lakini inahitaji geji tatu: kabla ya hatua ya kwanza, kati ya hatua, na baada ya mwisho. Mitambo mingi huuzwa na geji mbili tu, ya kuingia na ya kutoka. Geji ya kati ni ya bei ndogo mno ukilinganisha na elementi moja, na bila hiyo unasafisha kwa kubahatisha. Idai kabla hujalipa.

Andika kila siku mashinikizo hayo, mitiririko, upitishaji umeme wa maji na nyuzijoto. Nyuzijoto si pambo. Kila nyuzi moja inabadilisha maji yanayopita utando kwa kama asilimia tatu, na takwimu za wazalishaji ni za nyuzi 25 wakati maji ya visima vyetu huwa ya moto zaidi. Mtambo unaoonekana kushuka huenda umepoa tu, na unaoonekana mzima huenda unabebwa na joto. Rekebisha kwanza kwa joto, ndipo uamue. Maji baridi yakipungua kwa asilimia 10, au tofauti ya shinikizo kwenye hatua ikipanda kwa 15, safisha wiki hiyohiyo. Ukoga mchanga huyeyuka. Ukoga uliokomaa hukaidi.

Na safisha kila hatua peke yake. Ukizisafisha pamoja, tope la hatua ya kwanza linasukumwa moja kwa moja hadi ya pili.

8. Umeme ukikatika, rijekti isiachwe ndani

Dawa ya ukoga inachelewesha kuganda, haikuzuii milele. Mtambo ukiwa unatembea, maji makali ya hatua ya mwisho yanatoka kabla muda wake haujafika. Umeme ukikatika ghafla maji hayo yanalala juu ya utando, na muda unaanza kuhesabika. Yeyote aliyekuwa Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokaa bila umeme wa gridi, anajua kwamba hapa hilo si jambo la kudhania.

Kwa hiyo kila mtambo wa mavuno ya juu uwe na tangi la maji baridi lililoinuliwa, na vali inayojifungua yenyewe umeme ukiondoka, ili maji baridi yaingie upande wa kisima na kuisukuma rijekti nje. Dakika chache zinatosha. Njia ya maji baridi ya kwenda tangini iwe na vali ya kuzuia kurudi, kwa sababu shinikizo la upande wa maji baridi likizidi la upande wa pili hata kwa nusu bar, utando unaweza kubanduka kwenye gundi yake.

9. Kurudisha rijekti mwanzoni kuna bei

Mitambo midogo yenye bomba moja huuzwa kwa ahadi ya asilimia 75 kwa kurudisha sehemu ya rijekti kwenye pampu. Si ulaghai, ila sharti mnunuzi ajue anachonunua. Kisima cha 4,000 kikichanganywa na rijekti hiyo, maji yanayougusa utando yanaingia yakiwa karibu 8,000. Umeme unapanda, maji baridi yanatoka na chumvi zaidi, na rijekti ya mwisho ni kali sawasawa na ya mtambo wa hatua mbili. Pampu inasukuma mita 10 ili ipate tano. Pale ambapo ukubwa unaruhusu hatua mbili za kweli, chagua hizo.

Tofauti na hilo ni mtambo wa hospitali, ambapo maji baridi yenyewe yanapitishwa tena kwenye utando wa pili ili yatakate zaidi. Mgonjwa mmoja wa figo anatumia kama lita 120 za maji hayo kwa kikao cha kusafishwa damu cha saa nne. Rijekti ya utando ule wa pili ni safi kuliko maji ya kisima, na kuirudisha mwanzoni ni faida tupu. Nimeikuta ikimwagwa kwenye mfereji nje ya wodi.

10. Mavuno hayajakamilika hadi rijekti ifike inakokwenda

Mtambo uliwahi kupandishwa mavuno kwa ustadi, na bado kisima chake kikaendelea kukolea chumvi. Rijekti ilikuwa ikimwagwa kwenye shimo la kunyonya lililo nyuma ya jengo la pampu. Mwamba wa matumbawe una mianya mingi; chumvi iliyoondolewa ilikuwa inarudi kisimani kwa miguu yake. Kadiri mavuno yalivyopanda ndivyo ilivyorudi ikiwa kali zaidi.

Pwani, rijekti ishushwe kwenye kisima chake chenye bomba lisilo na matundu hadi chini ya mpaka wa maji baridi, upande wa bahari, ambako maji tayari ni ya chumvi. Minazi inavumilia chumvi kiasi, na rijekti ya kisima chepesi inaweza kusukuma vyoo na kuoshea sakafu, lakini rijekti ya miligramu 16,000 si ya bustani yoyote. Upande wa Meru sharti ni kali zaidi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha floraidi cha miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chenye sita, kikivunwa kwa asilimia 75, kinatoa rijekti ya karibu 24, na mfugaji anayeona maji safi yakimwagika mchangani wakati wa kiangazi ataleta ng'ombe wake. Ana haki ya kuambiwa kwa lugha anayoielewa, na kuwekewa uzio.

Kwenye mikataba yangu ya sasa ya Unguja naomba vitu viwili zaidi ya mtambo: kisima chembamba cha uangalizi kati ya hoteli na kijiji, na kipimo cha chumvi cha kila mwezi kutoka kisima hicho na kutoka kisima cha kijiji kilicho karibu zaidi. Nakala moja inakaa kwa fundi. Nyingine inapelekwa kwa sheha, ikiwa na tarehe na saini, ili kijiji kikija kuuliza juu ya maji yake kiwe na namba mkononi.